Wakili Anajibu: Mgeni, Ploti na Jina Lililo Kwenye Hati

Barua zilizotufikia siku hizi zimeelekea upande mmoja. Zinatoka kwa watu wa hapa Nairobi, au jamaa zao, ambao sheria ya mahali wanapotaka kujenga inawahesabu kuwa wageni, ingawa baadhi yao wameoa huko, wana ndugu huko na hawahitaji mkalimani kuzungumza na jirani. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwandishi wake yuko karibu kutoa fedha, na ushauri aliopewa na dalali ndio unaonitia hofu kuliko mwingine wowote ninaousikia katika kazi hii.

Ndugu Wakili, natumai u mzima. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Moshi. Nauza nguo Gikomba na ninaishi Eastleigh na mke wangu, ambaye ni Mkenya, pamoja na watoto wetu wawili. Tumeonyeshwa ploti ya futi hamsini kwa mia kule Kisaju, mbele ya Kitengela, inayokatwa kutoka shamba la mzee mmoja wa huko. Dalali anasema mgeni hawezi kuandikwa kwenye hati, kwa hiyo tuiandike kwa jina la shemeji yangu, kisha mimi na shemeji tuandikiane karatasi ya siri kwamba ploti ni yangu. Wengine wanasema nimwandike mke wangu. Wengine wanasema niandikwe mwenyewe kwa kuwa sisi sote ni Afrika Mashariki. Nifuate lipi? Fedha ziko tayari.
*Msomaji wa Eastleigh, jina limehifadhiwa*

Ndugu yangu, nakuomba fedha hizo zikae benki kwa muda zaidi. Katika njia tatu ulizoonyeshwa, mbili zinaweza kukupotezea ploti na fedha pamoja, na hiyo nyingine inahitaji mazungumzo nyumbani kabla ya kuhitaji wakili.

Dalali amesema nusu ya ukweli. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 65, haimkatazi mtu asiye raia kuandikwa kwenye hati. Inamruhusu kushika ardhi kwa njia ya kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Umiliki wa kudumu, ule usio na tarehe ya mwisho, umewekewa raia. Hati au mkataba ukiandikwa kana kwamba unampa mgeni zaidi ya hapo, Katiba yenyewe inaagiza usomwe kuwa ni wa miaka 99. Kuhusu Afrika Mashariki, naelewa kwa nini jibu hili linamuuma mtu anayevuka Namanga kwa biashara na kupokewa kama mwenyeji pande zote mbili, lakini Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 iliacha suala la ardhi mikononi mwa sera na sheria za kila nchi mwanachama. Mbele ya msajili wa ardhi, Mtanzania na Mwitaliano wanahesabiwa sawa.

Hata hivyo, kizuizi kikubwa katika shauri lako si Katiba. Ploti hiyo inakatwa kutoka shamba, na maadamu ardhi hiyo bado ni ya kilimo, inatawaliwa na Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya 1967. Sheria hii inataka kila uuzaji, mgawanyo au ukodishaji wa ardhi ya kilimo upate kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi ya eneo husika, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Mnunuzi akiwa si raia, Bodi haina hiari: inaamriwa kukataa. Njia pekee iliyobaki ni msamaha wa Rais unaochapishwa katika Gazeti rasmi la serikali, jambo ambalo mtu wa ploti moja hapaswi kulijengea matumaini. Pasipo kibali, mauziano ni batili. Uliyemlipa unaweza kumdai kama mdaiwa wa kawaida, ikiwa bado anazo fedha na ikiwa anaonekana. Na sheria hiyo hiyo inamfanya mkosaji mtu anayelipa au kupokea fedha, au anayeendelea kukaa kwenye ardhi, kwa ajili ya mauziano yaliyokwisha kubatilika. Kwa hiyo, kwa ploti hii mahususi, hata ile hati ya miaka 99 huwezi kuipata.

Sasa tuje kwenye karatasi ya siri, kwa maana hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Karatasi hiyo inadai kwamba shemeji ndiye mwenye jina na wewe ndiwe mwenye mali. Katiba imeliona jambo hili mapema: mali iliyoshikwa kwa amana inahesabiwa kuwa iko mikononi mwa raia ikiwa tu wanufaika wote ni raia. Siku utakapoitoa karatasi mahakamani ili uithibitishe haki yako, utakuwa unaithibitishia mahakama kwamba mlipanga kukwepa katazo la sheria, na mahakama haiwi na desturi ya kumsaidia mtu kukamilisha mpango wa namna hiyo. Usipoitoa, huna kitu, kwa kuwa sajili inamjua shemeji peke yake. Na sizungumzii shemeji mbaya. Chukua shemeji mwaminifu kabisa, anayeswali au kusali, asiyegusa hata kifuniko cha tangi la maji uliloweka. Akiugua na kufariki, ploti inaingia katika mirathi yake, na mjane na watoto wake wana kila haki ya kusema hawajui habari za karatasi. Akidaiwa, mdai wake anaweza kuomba ploti iuzwe. Akifunga ndoa na kumleta mkewe kukaa humo kwa muda, mkewe anaweza kudai kuwa hiyo ndiyo nyumba ya ndoa. Yote haya hutokea bila shemeji kukudhulumu hata shilingi moja.

Kuhusu mke wako, jibu langu ni tofauti. Yeye ni raia, anaweza kumiliki ardhi ya kilimo kwa umiliki wa kudumu, na Bodi haina amri ya kumkatalia. Lakini mwandike kwa sababu uko tayari ardhi iwe yake kweli, wala si kwa sababu unatafuta jina la kukopa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakulinda kwa namna ambazo shemeji hawezi kukupa. Mali iliyonunuliwa wakati wa ndoa ikiandikwa kwa jina la mwenzi mmoja, sheria huanza kwa kudhani kuwa anaishika kwa ajili ya mwenzake pia, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani wala kukodishwa bila idhini ya maandishi ya mume na mke, na mali ya ndoa haiuzwi ndoa ikiwa hai bila wote wawili kukubali. Usisahau tu kwamba dhana hiyo haiwezi kukupa zaidi ya kile ambacho Katiba inamruhusu mgeni kushika. Ndoa ikivunjika, unachoweza kudai kwa usalama zaidi ni thamani ya mchango wako, kwa hiyo hifadhi risiti za fundi, saruji na mabati kwa jina lako. Watoto wenu ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa kwa sababu mama yao ni raia, na mke wako anaweza kuwaandikia wosia bila kikwazo cha uraia. Zungumzeni haya mapema, mkiwa na amani.

Kuna swali ambalo hukuuliza. Aliyeoa raia wa Kenya kwa muda usiopungua miaka 7 ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia, chini ya Kifungu cha 15 cha Katiba. Usilifanye kwa ajili ya ploti tu, kwa maana Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, na ukichukua wa Kenya utapoteza ule uliozaliwa nao, na kuzihatarisha haki zako za ardhi za huko Moshi.

Ukitaka lazima jina liwe lako, basi achana na ardhi ya kilimo na utafute iliyo ndani ya mji, yenye hati ya kukodi kutoka serikalini, au fleti iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020. Nairobi ina ardhi nyingi ya aina hii. Hapo soma tarehe mbili kwenye hati: siku muda ulipoanza na idadi ya miaka. Hati ya miaka 99 iliyoanza 1960 inakwisha 2059, na mtu anayenunua leo kwa bei ya ploti mpya ananunua miaka iliyobaki tu. Raia ambaye muda wake umekwisha hupewa nafasi ya kwanza ya kugawiwa tena ardhi hiyo, mradi haihitajiki kwa matumizi ya umma. Lakini Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 13, inasema wazi kwamba nafasi hiyo ni ya aliye raia wa Kenya. Mgeni haimhusu. Mara chache nimesikia dalali akilitaja hilo.

Mkiamua kuendelea na Kisaju kwa jina la mke wako, bado kuna kazi. Ploti mnayoonyeshwa haina hati yake mpaka sasa. Kilichopo ni hati ya shamba zima. Mnachouziwa kwa wakati huu ni ahadi. Mwende sajili ya ardhi ya kaunti mkaombe upekuzi rasmi wa nambari ya shamba, na wakili wenu aombe kuiona kadi ya kijani yenyewe, yaani kumbukumbu ya shamba inayotunzwa sajilini. Kadi hiyo ina sehemu tatu. Sehemu A inaeleza ardhi na ukubwa wake, sehemu B inaonyesha wamiliki kwa mfuatano wa tarehe, na sehemu C ndiyo ya mizigo: rehani ya benki, zuio lililowekwa na mtu anayedai, au katazo la msajili. Wengi huangalia B, wakaona jina la mzee, wakafurahi. Someni C mstari kwa mstari, pamoja na ile iliyokatwa kwa kalamu, kisha mrudi B na kuuliza mzee alilipataje shamba na aliyemtangulia alilipataje. Ni lazima kufika huko nyuma, kwa sababu tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Upeo, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilishikilia kwamba hati iliyotokana na ugawaji wa ardhi ya umma uliokiuka utaratibu haimlindi hata mnunuzi aliyekuja baadaye kwa nia njema. Kampuni hiyo ilikuwa na hati mkononi, na ardhi ikaenda.

Pale shambani, nendeni na mpima ardhi aliyesajiliwa, akiwa na ramani, atafute bikoni za mipaka na kuzihakiki. Msikubali kuonyeshwa vigingi vya mbao vilivyopigwa jana. Waulizeni majirani, maana wao hawana kamisheni. Zungumzeni na mke au wake wa mzee na watoto wake wakubwa, kwa kuwa Bodi huwataka wafike, na mauzo ambayo familia haikuyajua ndiyo yanayozaa kesi. Kuna vibali viwili vinavyohitajika, cha kugawa shamba na cha kumhamishia mke wako sehemu yake. Msikubali kimoja kisemwe kuwa kimetosha. Mkataba uwe wa maandishi, utiwe saini na kushuhudiwa, la sivyo mahakama haitausikiliza. Arubuni ambayo desturi ni asilimia 10 ishikwe na wakili mpaka masharti yatimie. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2 ya thamani, na kwa ya mjini asilimia 4, nao hulipwa na mnunuzi. Uingizeni kwenye hesabu tangu mwanzo. Kabla ya kuchimba msingi, ulizeni kaunti kama ardhi inahitaji kubadilishiwa matumizi, na mpate idhini ya ramani ya nyumba chini ya Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019.

Wakili, mimi ni raia wa Ethiopia na nina mkahawa Hurlingham. Nikisajili kampuni ya Kenya ambayo mimi nina hisa 49 na rafiki yangu Mkenya ana 51, je, kampuni hiyo haiwezi kuninunulia nyumba yenye umiliki wa kudumu?
*Mwenye mkahawa*

Haiwezi. Katiba inaihesabu kampuni kuwa raia ikiwa tu inamilikiwa kikamilifu na raia. Hisa 1 ya mgeni inatosha kuigeuza, na kampuni ya aina hiyo haipati kibali cha Bodi kwa ardhi ya kilimo pia. Kampuni inaweza kushika hati ya kukodi ya miaka isiyozidi 99, na kwa nyumba moja ya kuishi sioni faida ya kubeba gharama zake za kila mwaka, kwa kuwa hati ya namna hiyo ungeipata kwa jina lako mwenyewe. Na ikiwa nyumba unayoitazama iko ufukweni, kwa mfano Diani au Malindi, ujue kuwa ploti za safu ya kwanza na ya pili kutoka mstari wa maji kujaa, sawa na ardhi iliyo ndani ya kilomita 25 za mpaka wa nchi kavu, haziuzwi kwa mtu au kampuni isiyohesabiwa kuwa raia bila idhini ya maandishi ya Waziri kutolewa kwanza. Idhini ikiombwa baada ya kulipa, umechelewa.

Wakili, salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, Mkenya, ninaishi Buruburu. Marehemu mama yangu alizaliwa Pangani, mkoa wa Tanga, na wajomba zangu wako huko hadi leo. Wamenipatia kipande kizuri karibu na mto, na mwenyekiti wa kijiji yuko tayari kuniandikia karatasi ya mauziano mbele ya mashahidi na kuipiga muhuri. Nataka kujenga nyumba ndogo ya uzee wangu. Wanangu wanaogopa. Je, muhuri wa kijiji hautoshi?
*Mwalimu, Buruburu*

Shikamoo, Mwalimu. Wanao wana sababu ya kuogopa. Muhuri huo hautoshi, na nasikitika kukuambia kwamba hata mihuri mitano isingetosha.

Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na mtu hupewa haki ya kuikalia na kuitumia. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia kwa kawaida hagawiwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mwekezaji naye hapewi haki ile ile anayopewa raia. Ardhi hugawiwa mamlaka ya uwekezaji, nayo humpa mwekezaji haki inayotokana na ile yake. Nyumba ya kupumzikia ya mwalimu mstaafu si mradi wa uwekezaji, na mtu anayekushauri uupambe uonekane hivyo anakutafutia matatizo na wizara mbili kwa wakati mmoja.

Kipande chako kina tatizo la ziada kwa sababu kinaonekana kuwa ardhi ya kijiji, inayotawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Ardhi hiyo husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na ugawaji wake hupitia mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti peke yake, awe mwema kiasi gani, hana mamlaka ya kuiuza, na kijiji chenyewe hakina mamlaka ya kuigawia raia wa nchi nyingine. Mwenyekiti akibadilika baada ya uchaguzi, karatasi yako itasomwa na mtu asiyekujua, na utaambiwa ukweli ambao ungeweza kuambiwa leo.

Najua utasema kwamba ni ardhi ya mama. Undugu huo ni wa kweli na hakuna anayeukana, lakini sheria inaangalia uraia wako wa sasa, nao ni wa Kenya. Ninachokushauri ni hiki. Ardhi ibaki kwa jina la mjomba au binamu ambaye ni raia na mkaazi wa kijiji, na nyumba iwe yake mbele ya sheria. Wewe uchangie kama zawadi kwa ndugu, kwa kiwango ambacho usingelala njaa kama kingepotea, nawe ukae humo kwa ukarimu wao, au kwa mkataba wa kawaida wa upangaji ulioandikwa vizuri. Kiinua mgongo chako chote kisiingie kwenye kuta za nyumba ambayo huwezi kuiuza, kuiweka rehani wala kuwarithisha wanao. Unapokwenda kukaa, fuata taratibu za kibali cha ukaazi, kwa maana haki ya kukaa nchini ni jambo jingine kabisa.

Wasomaji wengine wameniuliza habari za Zanzibar kwa kudhani kwamba kilicho kweli Tanga ni kweli Nungwi. Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya umiliki wa ardhi ya 1992, ardhi ni ya serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na mgeni huingia kwa mkataba wa kukodi unaotolewa na serikali kwa mradi uliokubaliwa, au kwa kununua fleti katika mradi wa aina hiyo. Mwenyeji wa Zanzibar anaweza pia kumiliki minazi au mikarafuu isiyo sehemu ya haki ya ardhi inayoibeba. Kumpa mwanakijiji fedha za shamba la ufukweni na kuondoka na karatasi ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Bwana Wakili, mke wangu ni Mganda, na mimi ni Mkenya wa Kayole. Tumepewa bei nzuri ya kibanja Wakiso, nje ya Kampala. Muuzaji amekaa hapo tangu utoto na ana barua ya mwenyekiti wa mtaa. Naweza kununua?
*Mume wa Kayole*

Kwa jina lako, hapana. Katika Uganda asiye raia anaruhusiwa kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na ukodi wa miaka 5 au zaidi ni lazima usajiliwe. Umiliki wa kudumu na ule wa mailo, uliotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, umefungwa kwake. Mke wako anaweza, lakini ajue anachonunua. Mwenye kibanja ni mkaaji anayetambuliwa na sheria juu ya ardhi ambayo hati yake iko kwa mtu mwingine, ambaye humlipa kodi ya ardhi iitwayo busuulu kila mwaka. Anapotaka kuuza, sheria inamtaka ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na asipofanya hivyo anatenda kosa na kuhatarisha haki yenyewe. Kwa hiyo barua ya mwenyekiti ni ushahidi wa ujirani tu. Mtafuteni mwenye hati, mhakikishe kwenye sajili kwamba ndiye, mwone risiti za busuulu, na atie saini ya kuridhia mauzo kabla fedha hazijatoka. Bei ya kibanja huwa nzuri kwa sababu hati haimo ndani yake.

Mpendwa Wakili, kaka yangu alihamia Marekani na kuchukua uraia wa huko 2004. Ana robo ekari Ruiru yenye hati ya umiliki wa kudumu, aliyoinunua 1998 akiwa bado Mkenya. Sasa anataka kujenga ili arudi, na ameniomba nisimamie. Kuna tatizo lolote? Yeye anasema Mkenya ni Mkenya.
*Dada mtu, Kasarani*

Tatizo lipo, nalo linarekebishika. Chini ya katiba ya zamani, Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine aliupoteza wa Kenya. Kwa hiyo Katiba mpya ilipoanza tarehe 27 Agosti 2010, kaka yako hakuwa raia, na Jedwali la Sita, sehemu ya 8, lilisema kwamba umiliki wa kudumu ulio mikononi mwa wasio raia unarudi kwa Jamhuri, na mwenyewe anapewa badala yake ukodi wa miaka 99 kwa kodi ya jina tu. Hati iliyo kabatini bado inasomeka vile vile ilivyosomeka 1998, na ndiyo maana watu hawalijui jambo hili mpaka benki, mnunuzi au mrithi anapouliza swali la uraia.

Dawa iko katika Kifungu cha 14 cha Katiba: aliyekuwa raia kwa kuzaliwa na kuupoteza uraia kwa kuchukua mwingine ana haki ya kuurudisha akiomba, na sasa anaruhusiwa kushika zote mbili. Apeleke maombi hayo kwa idara ya uhamiaji, Nyayo House, na asisahau kwamba sheria ya uraia ya 2011 inamtaka mwenye uraia wa nchi mbili autangaze ule mwingine ndani ya miezi 3. Akishaupata, wakili wake alifikishe suala la hati ya Ruiru kwa msajili kwa maandishi, kabla ya kuomba mkopo na kabla ya fundi kuanza kazi.

Nawe, dada yangu, usisimamie kwa ujumbe wa simu. Akuandikie hati ya uwakilishi huko aliko, itiwe saini mbele ya mthibitishaji wa umma, iletwe hapa na kusajiliwa. Itaje ploti kwa nambari yake, itaje kila jambo unaloruhusiwa kufanya, kama vile kuomba idhini ya ramani, kulipa ada za kaunti na kutia saini mkataba wa ujenzi, na kama hana nia ya kuiuza, neno kuuza lisiwemo humo hata kidogo.